Kishikwambi kilichozeeka: maswali tunayoulizwa mara kwa mara mezani kwa fundi, Kigoma

Ukurasa huu ni wa watu wa Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga, Kasulu na vijiji vya mwambao wenye kishikwambi cha miaka kadhaa ambacho kimeanza kuwachosha. Wengi wao ni walimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu kuisha, na sasa vinaanza kudai matunzo. Wengine wamenunua cha mtumba, au wameachiwa na mtoto aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam na kipya mkononi. Maswali nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Karibu majibu yote yanakwenda upande mmoja: kishikwambi kizee kipunguziwe kazi. Kikibaki na kazi mbili au tatu tu kitakuhudumia miaka mingine. Ukikitaka kifanye kila kitu ambacho simu mpya inafanya, kitakukwaza kila siku.

Fundi, kilikuwa chepesi sana nilipokipata. Mbona sasa hata kufungua picha ni mpaka nisubiri? Kimechoka?

Prosesa, ule ubongo wa kifaa, haichoki. Iliyokuwemo siku ya kwanza ndiyo iliyomo leo. Kilichobadilika ni mzigo. Programu uliyoipakua mwaka 2019 imesasishwa mara nyingi tangu hapo, na matoleo mapya yanaandikwa kwa kufikiria vifaa vyenye RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya GB 4, 6 au 8. Chako kina GB 1 au 2. Ukifungua programu tatu, mfumo unalazimika kutoa moja ili uingize nyingine, na kule kuganda unakokuona ni huko kutoa na kuingiza.

Sababu ya pili ndiyo ninayokutana nayo zaidi: hifadhi imejaa. Memori ya ndani haiwezi kuandika kitu kipya juu ya cha zamani moja kwa moja. Ni lazima ifute eneo zima kwanza, ndipo iandike. Kukiwa na nafasi, ufutaji huo unafanyika kimyakimya wakati umekiweka kando. Hifadhi ikijaa, unafanyika huku umekishika na unasubiri. Kumbuka pia kwamba kishikwambi cha GB 16 hakikupi GB 16, kwa kuwa mfumo wenyewe na programu zilizokuja nacho zimeshachukua sehemu kubwa. Hakikisha GB 2 ziko tupu wakati wote, na 3 zikiwezekana. Mabadiliko utayaona siku hiyohiyo.

Ya tatu ni joto. Prosesa ikipata joto kali inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kishikwambi kilichokaa juani dirishani, Septemba, ndani ya ofisi ya bati, kitakuwa kizito hata kama kimesafishwa jana. Kipeleke kivulini, kivue kava, kisubiri kipoe ndipo uendelee.

Nifute nini kwanza? Naogopa kupoteza vitu vya maana.

Anza na WhatsApp. Mwalimu mmoja wa kawaida yuko kwenye kundi la walimu wa shule, la kata, la wazazi, la kikoba, la michango ya harusi na la waliosoma pamoja. Video moja ya mahubiri au ya kichekesho ikitumwa kwenye makundi matatu, inaweza kukaa kwenye kishikwambi mara tatu. Ingia WhatsApp, fungua Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Pale juu kuna orodha ya mafaili makubwa na ya yale yaliyosambazwa mara nyingi. Yakague moja moja, bakiza picha za familia na nyaraka za kazi, mengine futa. Kisha rudi kwenye Hifadhi na data uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video, kwa bando na kwa Wi-Fi. Ukitaka kuona kitu utakigusa mwenyewe. Hatua hii ya mwisho watu wanairuka, na baada ya mwezi wanarudi na tatizo lilelile.

Baada ya WhatsApp, fungua folda ya vilivyopakuliwa. Nyaraka ileile ya PDF huwa imo mara nne au tano, kwa sababu kila ukiigusa kwenye kivinjari inapakuliwa upya. Kisha tazama orodha ya programu kwa ukubwa. Ile ambayo hujaifungua tangu mwaka jana iondoe. Zile zilizokuja na kifaa zisizokubali kuondoka, zizime. Kuzima kunaondoa masasisho yake yote na kuizuia isijiwashe kisirisiri.

Kitufe cha kufuta akiba ya programu, yaani vitu vya muda inavyojiwekea, hakina hatari, akiba hujijenga upya. Kitufe cha kufuta data ni kitu kingine kabisa: kinakutoa kwenye akaunti na kuondoa ulichohifadhi ndani ya programu hiyo. Soma vizuri kabla ya kugusa.

Kuna programu inasema itasafisha na kuongeza kasi mara mbili. Niiweke?

Usiiweke. Kama ipo, iondoe leo. Kishikwambi cha GB 1 ya RAM kinapewa mgeni mwingine anayekaa ndani muda wote, anayeleta matangazo, na kazi yake kubwa ni kuzifunga programu ambazo Android yenyewe ilikuwa imezipumzisha. Zikishafungwa zinajiwasha tena, na kila zinapojiwasha zinakula chaji na muda. Hata tabia ya kufagia programu zote kwa kidole kila baada ya dakika chache inaleta hasara hiyohiyo. Funga ile tu iliyoganda.

Ukitaka msaidizi wa kupekua mafaili, programu ya Files ya Google inatosha. Inakuonyesha mafaili yaliyojirudia na mafaili makubwa, na wewe ndiye unayeamua.

Kuna mpangilio wowote nikibadilisha nitaona tofauti papo hapo?

Upo. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu kompyuta kibao, gusa nambari ya muundo mara saba mfululizo. Zitafunguka Chaguo za wasanidi programu. Ndani yake tafuta mistari mitatu yenye neno uhuishaji na kila mmoja uupeleke kwenye 0.5, au uuzime. Ile miondoko ya madirisha kufunguka na kufungika inapungua, na kishikwambi kinaitika haraka zaidi. Mengine yaliyomo humo usiyaguse.

Ondoa picha ya mandhari inayocheza. Ondoa pia vile vibao vya habari na hali ya hewa kwenye skrini ya mwanzo. Weka Facebook Lite badala ya Facebook kamili, au ifungue kwenye kivinjari tu. Kizime kabisa na kukiwasha angalau mara moja kwa wiki.

Tovuti zinakataa kufunguka. Zinaandika kwamba muunganisho si salama, na kwenye simu ya mwenzangu zinafunguka vizuri.

Tazama tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Kishikwambi kilichokaa kabatini mpaka betri ikaisha kabisa kinaamka na tarehe ya ajabu, mara nyingi mwaka 1970 au mwaka kilipotengenezwa. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kivinjari hulinganisha siku hizo na saa ya kifaa. Kifaa kikiamini kuwa leo ni Januari 1970, vyeti vyote vinaonekana havijaanza. Weka tarehe ijisahihishe kutoka kwenye mtandao, chagua saa za Afrika Mashariki, jaribu tena. Nimeona mtu amekwisha kuuza kishikwambi kwa bei ya kutupa kwa sababu ya hili tu, na inaniuma mpaka leo.

Tarehe ikiwa sahihi na bado zinakataa, angalia ni Android ya ngapi. Kuna taasisi ya Marekani iitwayo Let's Encrypt ambayo hutoa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi mno duniani. Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikitambui cheti mama inachokitumia sasa. Kulikuwa na mpango wa kuzibeba Android hizo, ukaisha Septemba 2024. Ndiyo maana kifaa kilichokuwa kikifungua tovuti fulani bila shida kikaanza kukataa ghafla, na hakuna ulichoharibu. Dawa ya karibu ni kivinjari cha Firefox, toleo ambalo Android yako bado inalikubali, kwa sababu chenyewe kinabeba orodha yake ya vyeti na hakitegemei ile ya Android. Chrome za zamani hutegemea zaidi mfumo, na Google imekuwa ikiziacha Android za zamani hatua kwa hatua: mwaka 2025 ziliachwa Android 8 na 9. Chrome iliyomo itaendelea kufunguka, ila haitapata tena marekebisho ya usalama.

Kama ujumbe huo unatokea kwenye ukurasa wa benki, usibonyeze kuendelea hivyohivyo. Tumia simu.

Nikubali masasisho au niyakatae?

Ya mfumo, yale yanayotoka kwa waliotengeneza kifaa, kubali, hasa ya usalama. Yapakue kwa Wi-Fi kifaa kikiwa na chaji zaidi ya nusu. Ya programu, zima usasishaji wa moja kwa moja, kisha sasisha mwenyewe zile unazozitumia: kivinjari, WhatsApp, programu ya kusomea. Zilizobaki zisikumalizie nafasi. WhatsApp tangu Oktoba 2023 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0, kwa hiyo mwenye 4.4 asisumbuke kuitafuta kwenye tovuti za vichochoroni. Mafaili ya programu yanayookotwa huko ndiyo njia kuu ya wezi kuingia.

Chaji inasoma asilimia 30, halafu kinazima ghafla. Nikichomeka kinawaka. Ni betri?

Ni betri, karibu kila mara. Betri ya lithiamu inazeeka kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya chaji kamili moja, hata kama umeitumia kwa vipande, na betri nyingi za aina hii hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kati ya 300 na 500. Ikizeeka, ukinzani wa ndani unaongezeka. Ukifungua kitu kizito kama kamera au video, volti inashuka ghafla na kifaa kinajizima kujilinda, wakati namba kwenye skrini bado inaonyesha matumaini. Kubadilisha betri mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kishikwambi kingine. Ila mwulize fundi kama ana betri ya saizi hiyohiyo na yenye plagi hiyohiyo. Betri ya kuungaunga waya mimi siikubali.

Ikiwa bado ni nzima, adui wa kwanza ni joto na wa pili ni kuachwa kwenye asilimia 100 usiku kucha kila siku. Ukiweza, icheze kati ya 20 na 80. Kama shule inafunga na kishikwambi kitakaa kabatini likizo nzima, kiache na chaji kama nusu na ukizime kabisa. Kuiacha kwenye sifuri miezi miwili kunaweza kuiua moja kwa moja.

Hapa kwetu kuna jambo la umeme pia. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na tuliozoea jenereta tunajua tulikotoka. Hata hivyo umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika kadhaa ndipo uchomeke, kwa sababu wakati wa kurudi ndipo volti inapoyumba. Masika kukiwa na radi, chomoa bila kubishana.

Ninachaji kwa sola. Kinajaza polepole mno na mara kinasema hakichaji.

Usikichomeke kwenye paneli moja kwa moja. Wingu likipita volti inashuka, kuchaji kunasimama, likiondoka kunaanza upya, na hivyo ndivyo inavyokuwa siku nzima. Paneli ijaze betri ya sola au pawabenki, kisha pawabenki ndiyo ijaze kishikwambi, hata usiku. Kitoa chaji kiwe cha volti 5.

Na soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Vishikwambi vingi vinataka volti 5 na ampea 2. Chaja ya simu ndogo ya tochi inatoa nusu ampea. Ukikitumia huku kinachajiwa na chaja hiyo, kinakula zaidi ya kinachoingia, ndiyo maana asilimia zinashuka kikiwa kimechomekwa. Waya nao una mchango: mwembamba na mrefu unapoteza umeme njiani. Kabla ya kulaumu kingine chochote, azima waya mfupi na mnene wa jirani ujaribu.

Kikiwa kwenye chaji kioo kinajigusa chenyewe, kinafungua vitu ambavyo sijabonyeza.

Chomoa chaja. Kama kinatulia, chaja ni mbovu: inaleta umeme mchafu unaokivuruga kioo cha kugusa. Badilisha chaja, usibadilishe kioo. Kama kinaendelea hata bila chaja, futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo na utoe ile plastiki ya kukilinda kama imeinuka pembeni. Ikishindikana hapo ndipo tuongee habari ya kioo.

Mgongo umevimba kidogo. Naweza kuendelea kukitumia mpaka mwisho wa mwezi?

Hapana, hata kwa siku moja. Kizime, kichomoe, usikibonyeze kirudi, usikitoboe, usikiweke chini ya mto wala karibu na jiko. Ndani ya betri iliyovimba kuna gesi na kimiminika kinachoshika moto. Kiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na watoto, kisha kilete. Betri iliyotolewa nayo usiitupe kwenye taka zinazochomwa, wala ziwani. Tuachie sisi.

Memori kadi itakiongezea kasi?

Itakiongezea nafasi, na nafasi ndiyo inayorudisha kasi. Hamishia huko video, muziki, vitabu na picha. Android 6.0 na kuendelea zina uwezo wa kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, lakini kwa kadi za bei rahisi siwashauri: kadi ni polepole kuliko memori ya ndani, programu zikihamia huko zinakuwa nzito zaidi, na kadi ikifa kila kilichohamishiwa humo kinakwenda nayo.

Angalia sana kadi bandia. Inaandika GB 128 usoni, ndani ina 8. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, ila yakipita kiasi chake cha kweli yanaharibika. Ukinunua, jaza kadi nzima na video, itoe, irudishe, kisha fungua ile ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Fanya hivyo ukiwa bado una risiti. Na kama faili moja kubwa kuliko GB 4 linakataa kuingia, kadi imeumbizwa kwa mtindo wa FAT32. Ukiiumbiza upya kwa exFAT itakubali, mradi kifaa chako kinausoma mtindo huo. Kuumbiza kunafuta kila kitu.

Nikirudishe kama kilivyotoka kiwandani?

Ni dawa nzuri baada ya kujaribu yote ya juu. Hamisha picha na nyaraka kwanza. Kisha, kabla ya kufuta, ingia kwenye Akaunti uiondoe akaunti ya Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna ulinzi dhidi ya wizi: kifaa kikifutwa kwa njia ya vitufe huku akaunti ikiwa bado ndani, kikiwaka kinadai akaunti ileile na nywila yake. Watu wanalia hapa. Mtoto alikifungulia kwa akaunti aliyoitunga, nywila hakuiandika, na sasa yuko chuoni Dodoma hakumbuki lolote.

Kikishawaka upya kitakuuliza kama kirudishe programu zote za zamani. Kataa. Weka zile unazozihitaji tu, moja moja.

Mwalimu, kama ni kishikwambi cha serikali, usikifute wala usikubali fundi wa mtaani akifute. Nenda kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri yako. Ni mali yenye namba na kumbukumbu, na wewe ndiye uliyesaini.

Naweza kuweka Android mpya ambayo haikuja nacho?

Kwa modeli chache zinazojulikana, ndiyo. LineageOS ni mfumo huria unaotegemea Android, na umefufua vifaa vingi. Lazima modeli yako iwe kwenye orodha yao, kuifungua kunafuta kila kitu, na programu za benki zinaweza kukataa kufanya kazi. Vishikwambi vya bei rahisi visivyo na jina la maana kwa kawaida havimo. Cha serikali usijaribu.

Nina iPad ya zamani.

Iangalie imeishia wapi. iPad 2 ya mwaka 2011 iliishia iOS 9, iPad Air ya kwanza ya mwaka 2013 iliishia iOS 12. Programu mpya zitakataa, lakini App Store inaweza kukupa toleo la mwisho linalokubali kifaa hicho, hasa kama programu hiyo imewahi kuchukuliwa kwa akaunti yako. Ichukue kwanza kwenye kifaa kipya kwa akaunti ileile, kisha kwenye iPad fungua orodha ya ulivyonunua uipakue kutoka hapo. Vioo na spika za iPad hizi bado ni nzuri, na kwa kusomea PDF zinashinda vishikwambi vipya vingi vya bei rahisi.

Sawa, kimekuwa chepesi. Sasa nikipe kazi gani?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chagua kazi ambayo haihitaji intaneti kila dakika.

Darasani, weka programu ya Kiwix. Inasoma Wikipedia nzima iliyohifadhiwa ndani ya faili moja, bila bando. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo ukiilinganisha na ya Kiingereza, kwa hiyo hata kadi ya kawaida inaibeba. Faili linapakuliwa mara moja penye Wi-Fi, kisha linanakiliwa kutoka kadi hadi kadi. Vitabu vya kiada vipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wenye kompyuta moja shuleni wanaweza kuitumia kama seva, yaani kompyuta mama, ya Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, na vishikwambi vikaunganishwa kwayo kwa Wi-Fi ya ndani isiyo na intaneti kabisa. Hapo kishikwambi kizee kinakuwa dirisha tu, na kazi nzito inabaki kwenye kompyuta.

Ujiji kuna bibi ambaye wajukuu walimletea kishikwambi kikubwa, akawa anapotea kwenye aikoni. Tuliondoa kila kitu tukabakiza VLC ya kuchezea sauti na video, folda moja ya visomo vya Kurani na programu ya kupiga picha. Maandishi tukayakuza hadi mwisho, mwanga wa kioo ukashushwa. Anakiwasha baada ya Alfajiri, anagusa sura anayoitaka, anakilaza mkekani kinamsomea. Kina RAM ya GB 1 na hakijawahi kumgandia.

Wenye boti na mitumbwi ya dagaa wanaweza kukifanya cha kuangalia utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Tanganyika, upepo na urefu wa mawimbi. Usome ukiwa bado Kibirizi kwenye mtandao, piga picha ya skrini, ondoka nayo. Programu ya Organic Maps nayo inaonyesha ramani bila bando ukishaipakua kabla.

Dukani kinafaa kwa daftari la mauzo na la wakopaji. Weka programu moja ya majedwali, na kila Jumapili tuma nakala ya faili kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Na M-Pesa au benki?

Kwenye kishikwambi kisichopata tena masasisho ya usalama, hapana. Pesa zibaki kwenye simu, kwa menyu ya namba ya kawaida. Barua pepe inayofungua akaunti zako za fedha nayo usiiache humo, hasa kikiwa cha kuzungukia mikononi mwa watoto.

Nataka kununua cha mtumba. Niangalie nini?

Kilaze mgongo chini juu ya meza ya kioo, kisukume pembeni kwa kidole. Kikizunguka au kikicheza, mgongo si tambarare, na huenda betri inaanza kuvimba. Fungua Mipangilio uhakikishe hakuna akaunti ya mtu, kisha mwombe muuzaji akirudishe kiwandani mbele yako, mkisubiri kiwake mpaka skrini ya mwanzo. Muuzaji anayesema utafanya nyumbani, achana naye. Kama kinatumia laini, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ujue kama ni halali. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Juni 2016, na kifaa chenye IMEI mbovu hakitakufaa kwa laini. Piga picha, rekodi sauti, sikiliza spika, chomeka chaja uone kama plagi inalegea.

Kimeanguka ziwani.

Kizime hapohapo, toa laini na kadi, usikichaji, usikianike juani. Mchele haukaushi kilichoingia ndani, unaongeza vumbi tu. Kiweke kivulini penye upepo, kisha kilete haraka kifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti safi. Maji ya Tanganyika yana magadi, na yakikauka kwenye bodi yanaacha ukoko unaoendelea kula shaba. Mtu anayekuja siku ya pili ana nafuu kuliko anayesubiri wiki kwa sababu kiliwaka tena.

Nakuja kutoka Kalya kwa boti, sitaki kurudi mara mbili. Nije na nini?

Kwanza nakili picha na nyaraka zako kwenye kadi, kadi uiache nyumbani. Laini itoe, ibaki kwenye simu. Njoo na chaja na waya unaotumia kila siku, kwa sababu mara nyingi ubovu uko hapo. Andika kwenye karatasi kinafanya nini hasa na wakati gani: kinazima ukifungua kamera, kinaganda asubuhi tu, kilianza baada ya kuanguka. Namba ya kufungulia skrini nitaihitaji ili nijaribu kioo, kwa hiyo iweke ya muda, kama tarakimu nne za kawaida, uje uibadilishe ukirudi. Nywila ya Google usimpe fundi yeyote. Ikihitajika utaiandika mwenyewe hapa mezani. Kwenye boti kiweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kikiwa kimezimwa. Na ukiondoka Kalya nitumie jina la modeli lililoandikwa mgongoni, nianze kuitafuta betri kabla hujafika.